Mti wa Chuma Kwenye Kiwanja cha Anold

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa: Shambulio la kudhuru mwili
Jina: Mokami Machage (Mama Neema)
Umri: Miaka 63
Kabila: Mkurya
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima na mfugaji
Makazi: Mtaa wa Nyamitembe, Tarime
Tarehe ya maelezo: 12/03/2025

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, na kweli nitaisema, ingawa afande umeshaniambia mara mbili nipunguze sauti. Sauti yangu ndiyo hii.

Naishi Nyamitembe tangu haijawa mtaa. Wakati naolewa pale palikuwa mashamba na malisho. Hawa wenye mageti ya chuma na mabati ya rangi wametukuta, na wengi wao viwanja waliuziwa na Simioni Wambura, mdogo wa marehemu mume wangu Nashoni. Huyo Simioni ndiye aliyevunjwa mkono katika kesi hii. Sehemu yake ya urithi ameiuza yote hadi mlangoni pake. Kilichobaki pale ni cha nyumba yangu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mwenyekiti wa mtaa, Sylvester, aliitisha mkutano akaja na kijana wa kampuni ya minara ya simu anayeitwa Felix. Sitaki mtu aseme nachukia maendeleo. Mtandao kwetu ni shida. Anold wangu yuko chuo cha ufundi Musoma, akinipigia nasikia nusu ya neno na nusu inapotea, kwa hiyo Felix aliposema wanaleta mnara nilipiga makofi kama wengine. Akasema wenye nyumba nzuri walilalamika kuwa chuma kitupu kitaharibu sura ya mtaa, basi mnara utavalishwa. Shina litapakwa rangi kama gome, juu litawekwa matawi ya plastiki, na mtu akiwa barabarani ataona msonobari. Alituonyesha picha kwenye simu yake na watu wakafurahi.

Kisha akauliza uwekwe wapi. Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Mwalimu Eunice, huyu mstaafu tunayepakana naye, alisema mti ni mzuri sana ila kwake kuna wajukuu na yeye anaogopa mionzi. Mwenye duka la dawa akasema mti ni mzuri ila anatarajia kujenga ghorofa. Sylvester mwenyewe akasema kiwanja chake kina mteremko. Wote wanautaka na hakuna anayetaka kulala chini yake. Nikasimama nikasema, kama ni mti kweli, si muupande kwenye bustani zenu? Wakacheka, na mkutano ukaisha bila jibu.

Wiki chache baadaye nilitoka shamba nikakuta vigingi vyenye utepe mwekundu vimepigwa kwenye kiwanja kilicho nyuma ya zizi langu. Sikuweka hata jembe chini, nilikwenda moja kwa moja kwa Sylvester. Akaniambia mahali pameshapatikana, Simioni amekubali kwa niaba ya ukoo na amekwisha kusaini. Nikamuuliza, Simioni amesaini mali ya nani? Akatazama miguu yake, akasema, "Mama Neema, nyumba yako haina mwanaume. Kampuni inataka mtu wa kusimama."

Hapa afande, kwa kuwa umeniambia kwenu ni Iringa, lazima nikueleze, maana bila hili kesi yenyewe huwezi kuielewa. Mungu alinipa mabinti wawili, wote wameolewa Nyakunguru. Nashoni alikufa bila mtoto wa kiume. Kwetu nyumba ya namna hiyo haifungwi kama duka. Mwanamke anatoa ng'ombe, naye anaoa. Tunaita nyumba ntobhu. Mimi nilimwoa Christina Mwikwabe kutoka Nyansurura, huko Serengeti, kwa ng'ombe wa zizi langu, na watoto aliowazaa ni wa nyumba ya Nashoni, jina ni la Nashoni na urithi ni wa Nashoni. Wa kwanza ndiye Anold. Mimi wananiita bibi. Hakuna mtu mwenye adabu zake aliyewahi kuuliza baba yao ni nani.

Na aliyeswaga wale ng'ombe hadi Nyansurura ni nani kama si Simioni? Alikaa mbele ya wazee wa kule akasema tumekuja kuoa kwa nyumba ya ndugu yangu. Alikunywa pombe ya wakwe mpaka akabebwa. Mdomo huohuo leo unamwambia Felix kwamba nyumba ya Mokami ilishakufa na ardhi imerudi kwa ukoo. Huyu mtu hana haya. Andika hivyo, afande. Umesema hayo ni maoni, basi andika kwamba ni maoni yangu.

Kiwanja chenyewe nilimwonyesha Anold mwaka alipotahiriwa. Kijana wa kwetu akishatoka tohara halali tena nyumba moja na mama yake, lazima awe na pake. Nilimwambia ukimaliza chuo utajenga hapa, na mlango uangalie zizi. Sasa akirudi akakuta msonobari wa chuma ataoa wapi? Na saini ya Simioni ikikubalika kwenye kiwanja hiki, itakubalika kwenye zizi, na itakubalika hadi jikoni kwangu, halafu ataulizwa, wewe kijana ni mtoto wa nani? Hicho ndicho Simioni anachokitafuta. Mnara ni njia tu aliyoipata ya kupitia.

Nilimfuata Felix nikamweleza yote. Kijana ana heshima, alinipa shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema anasikitika, lakini taratibu za kampuni zinamtambua mume au ndugu wa mume, hazina mahali pa kuweka mambo ya nyumba ntobhu. Nikamwambia basi mwambie aliyeandika hizo taratibu aje alime pale.

Mnamo tarehe 11/03/2025, majira ya saa nne asubuhi, nikiwa nyumbani na Christina tunapalilia maharage, liliingia lori kiwanjani. Lilikuwa na vijana wa kuchimba msingi, na shina la ule mti limelazwa nyuma, limechorwa gome mpaka na vifundo vyake. Simioni alikuwa mbele akionyesha njia, na fimbo yake mkononi. Nilimwambia Christina aende asimame kwenye vigingi na asiondoke. Mimi ndiye niliyemtuma. Kama hilo ni kosa, lete karatasi nyingine uniandike na mimi. Magoti yangu ni mabovu, ningefika wameshachimba.

Christina alikwenda na jembe alilokuwa analimia, akasimama katikati. Wale vijana wakasita. Simioni akamwambia mmoja wao, "Mura, chimba. Huyu mwanamke ni mgeni hapa." Christina akamjibu kwamba yeye si mgeni, ameolewa, na aliyekwenda kumchukua kwao ni yeye Simioni. Alimjibu kwa sauti ya kawaida tu. Simioni akamchapa fimbo ya mgongo, akarudia tena. Nilikuwa nimefika kwenye zizi na ninaona vizuri kabisa. Alipoinua fimbo kwa mara nyingine Christina aligeuka na jembe, mpini ukampata Simioni kwenye mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika. Sikumwonea huruma, na hilo usilifute.

Majirani walikuwa wametoka wamesimama kwenye mageti yao. Mwalimu Eunice aliziona hizo fimbo. Nilipomwomba aje hapa kituoni aseme alichokiona, alisema hapendi kuingilia mambo ya familia za watu. Kuuona huo msonobari dirishani kwake kila asubuhi, kwenye ardhi ya familia za watu, hilo halimsumbui.

Polisi walikuja wakamchukua Christina, nami nikafuata kwa bodaboda. Jioni Simioni akanijia hapahapa nje ya kituo, mkono umefungwa plasta. Alisema, "Shemeji, kubali mnara, mimi nitasema tumeelewana, na Christina analala nyumbani leo." Anaongea kama mtu anayenifanyia wema! Nilimtemea mate chini, karibu na kiatu chake, sikumtemea yeye.

Lakini sikuwa na haki ya kujibu peke yangu, kwa sababu anayelala kwenye sakafu ya saruji si mimi. Niliomba ruhusa nikamwona Christina, nikampelekea ugali na dagaa, nikamweleza alichosema Simioni. Mgongo wake umevimba, hawezi kuegemea ukuta. Alikula kidogo akanawa. Kisha akasema, "Mama, usikubali. Nikitoka kwa njia hiyo, nitarudi kwenye nyumba ya nani?"

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nimeyasema kwa hasira kwa sababu hasira ninayo. Nimesomewa na ninayakubali kuwa maneno yangu.

Dole gumba la kulia: Mokami Machage

UTHIBITISHO WA MWANDISHI

Mimi WP D/C Agness nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi, naye akaweka dole gumba mbele yangu. Maneno aliyotaka yasifutwe hayakufutwa. Nilimweleza kuwa tumemaliza na yuko huru kwenda nyumbani. Amekwenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango wa mahabusu. Anasema aliyeoa haachi mke wake kituoni akaenda kulala.