Korosho Moja Kwenye Uji wa Krismasi

Mpendwa Bi Mgeni, naomba msaada wako kabla ya Krismasi, kwani daktari amenieleza kwa upole nisipange mambo ya Pasaka. Mimi ni Mchaga wa Rombo, mwalimu mstaafu, nimepita miaka themanini, nakaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la vitenge la mke wangu Euphrasia. Ujanani nilisoma Norwei, na huko mkesha wa Krismasi, theluji imefika madirishani, watu hupika uji wa mchele kwa maziwa na kuficha lozi moja ndani yake, na atakayeikuta bakulini mwake hupewa zawadi. Niliporudi niliileta desturi hiyo nyumbani, kwa korosho, nikausogeza uji mwanzoni mwa Desemba kabla mabasi ya Wachaga wanaorudi kwao Krismasi hayajajaa, na zawadi nikaitunga mwenyewe, nikasema kule anayeipata ndiye huamua familia itakula Krismasi wapi, na hakuna kubisha.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kujenga Rombo, na Mchaga msomi kulala sebuleni kwa mdogo wake Tarsis, wenzake wakifungua mageti ya nyumba zao, ni afadhali homa, basi kila mwaka nilipakua uji mimi, korosho ikiwa kiganjani, nikaitia bakulini mwangu, nikatangaza kwa mshangao kwamba tunabaki Dar, na huko Rombo mama mkwe wangu akawa anamwekea bintiye Euphrasia fungu lake la nyama, mpaka akafa.

Mwaka jana korosho iliniponyoka, ikaanguka mezani mbele ya wote. Euphrasia aliiokota, akaitia bakulini mwangu, akasema, "Hongera, baba Jovitha, umeipata tena," akaendelea kula. Nimwambie, au nife akiwa bado ananiheshimu?

Mzee, Kariakoo

JIBU

Shikamoo, mzee wangu, na pole kwa maradhi.

Anajua. Mwanamke auzaye vitenge Kariakoo hutambua kitambaa kilichopunjwa kwa kukishika tu, wewe unadhani hakuiona korosho? Alikusitiri. Wewe ulimnyima mama yake kwa sababu ya geti. Na Wanorwei umewasingizia, watu wa baridi zao, hawajakukosea kitu.

Mwaka huu uji apakue yeye. Kabla hajashika upawa, mwambie mbele ya watoto: "Nilidanganya, nisamehe." Ishia hapo, usianze historia ya theluji. Kisha mpe korosho mkononi, achague. Akisema Rombo, mpigie Tarsis simu akutandikie, na ukifika, kaburi la mama mkwe litangulie kabla ya nyama.

Ukiona bado aibu inakushika, kumbuka kwamba Wachaga mnazikwa kihambani kwenu, kwenye shamba la ukoo. Rombo utaenda tu, na utalazwa sebuleni kwa Tarsis vilevile. Nenda sasa, ungali unaweza kuomba chai.