Mkono Ulioshika Mkia

Hapana, Limi, hakunipiga pembe. Alinikanyaga tu, tena kidole kimoja, kile kidogo cha mguu wa kushoto ambacho hata hivyo kilikuwa hakina kazi. Na huyo unayemsikia anapiga yowe kwenye video aliyokutumia mwanangu Venant si mimi, ni Chenge mwenye ng'ombe. Mimi hapo mdomo ulikuwa umejaa, na sisemi umejaa nini.

Hellen anasema barua haianzi hivyo, inaanza na salamu. Ndiye anayeniandikia huyu mkwe wangu, maana mimi na kalamu tulipishana njiani tangu utoto na hatujaonana tena. Haya, salamu. Mwangaluka, mdogo wangu. Shikamoo yako uliyomtuma Venant nimeipokea, marahaba sana. Goti lako linaendeleaje? Na presha? Na wale kuku waliobaki? Najua tangu daraja lifunguliwe hapo Busisi na watu waache kupanga foleni ya kivuko, mihogo yako ya kukaanga haina wa kuinunua, wanapita juu kwa juu na magari yao hata harufu hawasikii. Pole. Sisi huku Magu hatujambo, mpunga umesimama vizuri, mbuzi amezaa mapacha, tatizo ni hicho kidole tu.

Na wewe shemeji Obedi unayemsomea, nakusalimu. Soma polepole, usiruke mstari. Kuna mahali nitakwambia ufunge mlango, na hapo ufunge kweli. Kupiga simu nimekataa mwenyewe. Limi akipigiwa simu anaweka sauti ya nje, halafu kila neno analirudia kwa nguvu kama anamwambia mtu wa ng'ambo. Habari hii si ya kusikiwa na ng'ambo.

Yote yameanza na wageni wangu, Anil, yule aliyesoma na Venant wangu pale mjini Mwanza, siku hizi anauza mashine za boti. Amekuja na mkewe Hiral na watoto wao wawili wa kike, Sushila wa miaka kumi na Jigna wa miaka sita. Walifika Jumapili, wanaondoka leo. Nyumba yangu ina vyumba vinne, nimefagia vyote, nimetandika mashuka ya sikukuu, wao wakashusha mahema wakasema wanataka kulala nje kule kwenye majabali, karibu na maji. Nikamvuta Anil pembeni nikamuuliza kama amegombana na mkewe. Akasema hapana mama, ndiyo mapumziko yenyewe. Basi, kila mtu na mapumziko yake. Mimi nimelala nje mara moja tu, mwaka nyumba ilipoungua, na sikupumzika.

Hawali nyama, hawali samaki. Nikamuuliza Hiral, sasa ziwani mmefuata nini? Akacheka yule mama, ana meno mazuri. Akapika dengu kwenye mafiga matatu, moshi ukamliza machozi mpaka nikataka kumpa rambirambi, lakini dengu zilikuwa tamu, na nimemwomba Hellen ajifunze. Hellen hapa amevuta mdomo. Andika tu, mwanangu, hata hilo andika.

Jumatatu Anil alimwona pimbi juu ya jabali, akapanda kumpiga picha. Pimbi akashuka, Anil akabaki. Saa nzima yuko juu anatuambia mandhari ni nzuri sana, hataki kushuka bado. Mkewe akasema ndivyo anavyosemaga akiogopa. Ikabidi tuunganishe vitenge vyangu vitatu, Venant akapanda kwa nyuma, tukamshusha kama gunia la pamba. Mchana huohuo Jigna alitupa ndoano ya kuchezea akanasa sato, sato mkubwa, Limi, wa kulisha watu wanne. Mimi namtafutia kisu, mtoto ameshampa jina. Anamwita Madamu Rose, jina la mwalimu wake wa darasa, anasema wanafumbua mdomo sawasawa. Sasa utamkaangaje mtu mwenye jina? Madamu Rose anaishi kwenye beseni langu la vyombo mpaka leo, na mimi naoshea sahani kwenye sufuria.

Sasa nije kwenye ng'ombe. Njiani wakati wanakuja, Venant alikuwa amewasimulia wale watoto ile hadithi. Unaijua, Limi. Ziwa lilivyopanda mwaka ule likameza mashamba ya mpunga, ng'ombe wa baba wakabaki wamezingirwa kule kwenye ulimi wa nchi, na binti mmoja wa Masalu, baba yetu, akamshika fahali mkia, akamswaga majini, akaogelea naye mkono wa ziwa wote mpaka ng'ambo, na ng'ombe wengine wakafuata, hata ndama mmoja hakupotea. Wewe unaijua vizuri kuliko mtu yeyote. Nisubiri, naja huko.

Basi Jumanne asubuhi watoto wakanikalisha juu ya jiwe, bibi tusimulie. Nikawasimulia. Mimi nikianza kusimulia sina breki. Nikaweka na viboko. Zamani nilianza na kiboko mmoja, mwaka Venant alipooa wakawa wawili, juzi nimewasikia wamefika watatu. Watoto wametumbua macho, mimi nimevimba kama andazi. Halafu Sushila akasema, kwa adabu kabisa, bibi tuonyeshe.

Nikasema ng'ombe wa siku hizi mikia yao haina nguvu, ni hizi chanjo. Nani alikuwa anapita hapo na maksai wake kuwanywesha? Chenge. Unamjua Chenge, mtu ambaye hata msibani anataka kucheka. Ana maksai mmoja wa plau anaitwa Bwana Shamba, kwa sababu anazungukia mashamba ya watu, anatazama, hafanyi kazi. Chenge akasimama, akaegemea fimbo, akasema, "Mkia huu hapa, Bibi Kabula. Au na huu nao umechanjwa?"

Watu wakajaa. Sijui walitoka wapi, siku ya kuvuna hawaonekani. Na Hellen yupo, huyuhuyu anayeandika, ambaye miaka kumi na nane namwambia kila akiogopa kitu: mimi niliyevuka ziwa kwa mkia wa fahali nimeolewa hapa, wewe unamwogopa jogoo! Ningerudi nyuma vipi? Nikajifunga kitenge kiunoni, nikamshika Bwana Shamba mkia.

Akaingia. Maji yakanifika kwenye mashavu ya miguu, nikasema Mungu wangu. Yakanifika magotini, nikaacha kusema. Yeye yalipomfika tumboni akasimama, akanywa. Akanywa kwa raha zake. Akamaliza, akainua mkia, na mimi niko nyuma, Limi, na mkia nimeushika. Basi. Ndicho kilichojaa mdomoni. Halafu akageuka kurudi, na mimi kwa ujinga wa hofu sikuachia, akanizungusha, akanikanyaga, akanikokota kwenye tope kama plau, akapita katikati ya hema la Anil, akatoka nalo kwenye pembe akaingia kwenye viazi vya Chenge mwenyewe. Hapo ndipo hayo mayowe. Venant badala ya kuniokoa anashika simu. Mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini hawakusema mimi ni mwongo, hapana. Walisema bibi amezeeka, lakini zamani alikuwa moto. Anil akasema ameona kwa macho yake jinsi ambavyo sikuachia mkia. Ikanichoma hiyo kuliko kidole.

Aliyeniosha ni Sushila. Tumekaa kwenye jabali, ananimwagia maji kichwani kwa kikombe, taratibu, akaniuliza: bibi, siku ile na fahali, ulishika mkia kwa mkono upi? Maana ukishika kwa miwili huwezi kuogelea, lazima mmoja uachwe upige maji.

Limi, sikia. Miaka yote hii nasimulia, hakuna aliyewahi kuniuliza mkono. Nikasema wa kulia. Halafu nikasema wa kushoto. Yule mtoto akajaza kikombe tena. Baadaye akaniambia kwamba shuleni kwao aliwaambia wenzake ameogelea bwawa lote, kumbe kidole gumba cha mguu kilikuwa kinagusa chini njia nzima. Akasema tangu siku hiyo wakimsifia anatazama viatu vyake. Nikaona mtoto wa miaka kumi amenizidi utu uzima, nikamwambia ukweli. Akaniwekea sharti: bibi wa Busisi, ndiye wewe, aambiwe kabla sisi hatujamsimulia hiyo hadithi. Kwa sababu leo wanapita kuliona daraja, na Venant amewaelekeza kwako wakale mihogo. Ndiyo maana naandika mbio, na barua hii anayeibeba ni Sushila, kwenye begi lake.

Shemeji Obedi, funga mlango.

Limi, ninaisema ile hadithi kuwa ni yangu. Siisemi tu kwa watoto, niliolewa nayo. Wewe baada ya yale maji kifua kilikubana, baba akakupeleka kwa shangazi Sengerema upate hospitali ya misheni. Kabla hujarudi, wakaja kuposa wazee wawili kutoka Kisesa, watu wa ukoo wa Luhende. Walinikuta kisimani nina mtungi kichwani. Wakaniuliza, ni wewe binti wa Masalu uliyevuka na fahali? Walikuwa wamevaa vizuri, Limi, na mmoja alikuwa na mwavuli. Nikasema ndiyo. Neno moja tu hilo, hata mtungi sikuutua.

Wewe ndiye waliyekuwa wamemfuata.

Baba alijua usiku uleule. Akasema mkubwa hawezi kurukwa na mdogo, kwa hiyo na iwe. Kisha akaniambia umejitwika mtungi wa mwenzio, usiuvunje. Sijauvunja, lakini shingo imeniuma. Kila ulipokuja kututembelea nilikuwa nakukimbiza jikoni, ukadhani nakupenda sana nataka tuongee wawili. Nakupenda kweli, lakini nilikuwa nachunga mtu asikuulize. Na siku ile ya fahali unajua nilikuwa wapi: juu ya jabali, nalia, nimejikojolea. Mimi ndiye niliyezaliwa mvua inanyesha wakaniita Kabula, wewe ukazaliwa jua linawaka wakakuita Limi, halafu anayeogopa maji ni mimi.

Mume wangu Luhende alikufa anaamini. Au alijua, sijui. Kila tulipovuka mto Simiyu kwenda sokoni, hata kiangazi maji yakiwa ya kufika kifundoni, alikuwa ananishika mkono bila kuniuliza kitu. Nilikuchukulia mwanamume mzuri, sitakudanganya tena. Alikuwa anakoroma, lakini mzuri. Na wewe Obedi usininunie huko kwenye miwani yako. Ningesema kweli siku ile kisimani, wewe ungemwoa nani? Mimi? Ungeniweza?

Hellen ameacha kuandika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, ameziba uso na karatasi, mabega yanaruka. Anasema ameteseka na yule fahali miaka kumi na nane. Anasema kuanzia leo jogoo nimshike mwenyewe. Sawa, nimekubali. Andika kwamba nimekubali.

Sasa Limi, wakifika hapo watakula mihogo, halafu watakukalisha wakusimulie hadithi yako mwenyewe, na viboko watatu ndani yake. Anil na Hiral hawajui, Venant hajui. Ukitaka uwaambie hapohapo, waambie. Ukitaka kunitangaza juu ya daraja wasikie hata wa Kigongo upande wa pili, nenda na kiti ukakae. Mkia ni wako. Ukikasirika usinijibu, nitaelewa, ila usinyamaze mpaka tufe, mimi na wewe hatuna miaka ya kuchezea. Na hata ukikasirika, mwambie Sushila ule mkono. Nakuomba. Halafu na mimi aniambie mtu, maana tulilala kitanda kimoja wasichana wawili, ukatetemeka kwa homa siku tatu ubavuni pangu, na sikuwahi kukuuliza ilikuwaje huko majini. Niliogopa ukinisimulia nitajua kwamba ni kweli.

Hao, wananiita. Ni Jigna, hana subira. Gari limeshapakiwa, kilichobaki ni Madamu Rose kurudishwa ziwani, na wameamua bibi ndiye aingie naye. Nimewaambia mwisho magotini. Sushila anasema mpaka kiunoni, halafu atanifundisha kulala juu ya maji kabla gari halijaondoka, yeye ataniwekea mkono chini ya mgongo. Hiral anapiga kelele kuhusu kichocho. Nakuja, nakuja! Hellen, malizia, wasalimie wote wa Busisi, wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao, na majirani wa pale kivukoni, na kuku. Mwambie namwombea goti. Leta wino, jina langu liandike wewe, lakini dole naweka mwenyewe, asije akasema ni maneno yako.

Ni mimi dada yako,
Kabula Masalu

Hilo dole ni la mkono wa kushoto, Limi. Wa kulia wameshaushika, wananivuta. Naenda.