Kucha Mbili na Shamba la Miforosadi

Huzhou, mwezi wa pili, tarehe sita

Kaka Jinfu,

Salamu kwako na kwa mama. Mgongo wako bado unauma? Mimi mzima kupita uzima wenyewe! Tangu Bibi Qiu anichukue niwe mtoto wa marehemu mumewe, sijagusa hata ufagio. Kucha mbili za mkono wa kushoto zimefika urefu wa kidole, nazivalisha vifuko vya mwanzi. Nikipita sokoni, wauza samaki wananipisha: "Pita, bwana mdogo!" Wanajua mwenye kucha hizi hajui jembe. Pua ikiniwasha, yupo mtumishi, Abao, wa kuikuna. Wewe na vidole vyako kama tangawizi, usinionee wivu.

Mdogo wako,
Shuigen

Kijijini, mwezi wa tatu, tarehe mbili

Mdogo wangu,

Salamu, ewe bwana wa kukunwa. Mimi sijambo. Lile shamba la miforosadi tulilopewa na Bibi alipokuchukua limejaa majani, na viwavi wa hariri wanaoyala wameanza kuanguliwa. Ila mama hajiwezi. Hainuki, hata uji anautema. Mlango ukilia tu anauliza, "Ni Shuigen?" Njoo, hata siku moja.

Kaka yako,
Jinfu

Huzhou, mwezi wa tatu, tarehe tisa

Kaka,

Salamu. Mama ameamkaje? Nilimpigia Bibi magoti. Akasema, "Mama yako ni mimi. Yule wa kule ni nani?"

Tangu hapo siruhusiwi kutoka hata sokoni, na Abao amekatazwa kunifungulia. Adhuhuri, Bibi aliposinzia, nikaenda mlango wa nyuma. Komeo lake ni gogo, linataka mikono miwili. Mimi, niliyekuwa nikibeba magunia mawili huku napiga mluzi, limenishinda! Nikilivuta kwa nguvu, kucha zitavunjika. Na ule mkataba mliotia dole gumba unasema nikizivunja, mimi si mtoto wa nyumba hii tena, na shamba linarudi kwa Bibi. Kwangu si kitu, nitazing'ata kwa meno sasa hivi. Lakini shamba mnalila ninyi. Nizivunje? Neno moja tu, kaka. Nangoja.

Mdogo wako,
Shuigen

Kijijini, mwezi wa nne, tarehe ishirini

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Mama alifariki tarehe kumi na nane ya mwezi uliopita. Barua yako ilinifika siku sita kabla. Nilishika kalamu mara mbili. Lakini viwavi walikuwa kwenye mlo wao mkubwa, wanatafuna mpaka nyumba inavuma kama mvua. Nikayatazama yale majani, nikaiweka kalamu chini. Mama nikamwambia uko njiani, umekosa kivuko tu. Akasema, "Basi msimfungie mlango."

Nisamehe.

Kaka yako,
Jinfu

Huzhou, mwezi wa tano, tarehe saba

Bwana Jinfu,

Salamu. Anayeandika ni mimi, Abao mtumishi, kwa herufi zangu chache. Bwana mdogo sasa anafuga na kucha za mkono wa kulia, kaomba mwenyewe, na kalamu haishikiki tena. Kaniambia niandike kama anavyotamka:

"Mimi mzima. Nanenepa. Mlango wa nyuma hautiwi komeo siku hizi, Bibi anajua siendi popote. Viwavi walishiba?"

Nimemwuliza, nimalizie "mdogo wako"? Kasema niache hapo.