Paneli Sita Zilizotakiwa Kubaki Chafu

Chumba cha Vipimo,
Ghorofa ya Tatu,
Idara ya Uhandisi.
19 Desemba.

Mpendwa binamu,

Hujambo wewe na goti lako? Shemeji bado anakukataza ngazi, au umeshaanza kumtoroka? Huku tu wazima wa mwili. Mimi presha imeshuka, kitambi ndicho kimegoma.

Uliniuliza kama mwanetu aombe nafasi ya kusomea nishati idarani kwetu mwaka ujao. Najua ni barua zangu zilizomtia hamu, maana nilijitapa humo hadi wino ukaona aibu. Sasa hii isome polepole.

Mwaka ulianza vizuri. Kitengo chetu kina watu watatu: Mkuu, ambaye wanafunzi humwita Mzee Wati na anastaafu mwezi huu, binti mmoja wa uzamili anayeniita mjomba, na mimi, fundi wa bisibisi na ndoo. Tulifunga paneli kumi na mbili za sola juu ya paa. Sita nizioshe kila Jumatatu, sita ziachwe na vumbi lake mwaka mzima, ili tujue vumbi linakula umeme kiasi gani. Wafadhili walisema vipimo vya mwaka vikitimia, kitengo kitaendelea. Mkuu hakutaka kingine: aondoke akiacha mlango wazi nyuma yake.

Unanijua nilivyo. Bibi aliyetulea alikuwa halali sufuria ikiwa na masizi. Miezi kumi nilipita kando ya zile sita, mikono inaniwasha. Nikavumilia, nikaandika vipimo, nikashuka.

Mwezi wa kumi na moja tukaambiwa wafadhili wanakuja kujionea. Wageni, binamu. Nilifika alfajiri, nikapanda na ndoo mbili. Nilijiambia vumbi halijaisha duniani, litarudi lenyewe. Nikaosha zote kumi na mbili, na paa nikalifagia.

Mama mmoja kati ya wageni, mwenye kamera, akaangaza macho huku na huku. "Na zile chafu ziko wapi?"

"Hapa hakuna chafu, mama," nikamjibu, kifua mbele. "Zote nimeziosha."

Mkuu hakugomba. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akazitazama tena. Binti ndiye aliyeuliza, taratibu kabisa, "Mjomba, ulitumia sabuni?"

Nilitumia. Vumbi la miezi kumi lilikuwa limeteremka lote na povu.

Tulijaribu kuokoa kilichobaki. Binti aliwaomba wafadhili wapokee ile miezi kumi kama ilivyo. Wakajibu kwa adabu kwamba miezi miwili iliyokosekana ndiyo yenye vumbi jingi kuliko yote. Barua ilijaa shukrani, nami nilipoziona zimekuwa nyingi nikajua yamekwisha. Kitengo kinafungwa mwisho wa mwezi. Binti amehamishiwa kwenye utafiti wa barabara, anaanza upya tangu ukurasa wa kwanza. Bado ananisalimia kila asubuhi, na hapo ndipo panaponiuma.

Mkuu tulimuaga juzi kwa soda na hotuba fupi. Nilimfuata ofisini kumwomba radhi. Akanishika bega. "Lakini fundi, ziling'aa." Tukacheka, kisha kila mmoja akatafuta pa kutazama. Vitabu vyake vilikuwa vimeshafungwa kwa kamba.

Mimi napelekwa mabwenini kuangalia pampu za maji. Hivyo mwanetu asije. Akiipenda nishati kweli, atafute chuo kingine. Hapa atakuta kufuli mlangoni na chumba kimejazwa viti vibovu. Mwambie ni baba yake mdogo aliyeharibu, asije akadhani ni mtihani wake uliomkosesha nafasi. Uso wa kumwambia mwenyewe sina.

Jana nilipanda paani kukata nyaya. Tangu siku ile hakuna aliyeziosha, na upepo wa mwezi huu hauna huruma. Zote kumi na mbili zimeshika vumbi, limelala sawasawa, zuri, kama vile Mkuu alivyolitaka. Wa kulipima hayupo. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu, binamu. Sikukitoa.

Msalimie shemeji, mwanetu, na shangazi akipita hapo. Mwambie shangazi kofia aliyonifumia bado inanibana. Mungu akulindie goti, awalaze salama nyote humo ndani.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata nikiwa sina habari njema,

Fundi wa Ndoo