Kigingi cha Mia Mbili na Kumi na Saba

Hassan mwanangu,

Salaam aleikum, huko uliko. Mwalimu wetu wa ngumbaru anasema barua huanza na tarehe. Mimi naanza na wewe, maana nikichelewa nitalia na karatasi italowa.

Kampuni yenu ya kutafuta mafuta inaondoka. Kambi yenu imevunjwa. Dida, yule mliyekuwa mkibeba waya pamoja, alikuja hapa Kiwanjani kunieleza. Anasema mawe meusi yamewashinda. Unakumbuka siku ile ukinywa chai jikoni, ukinieleza kazi yenu? "Ayo, mama yangu, chini ya yale mawe ya volkeno kuna mchanga na udongo wa zamani, umelala tabaka juu ya tabaka. Tunalipua baruti, sauti inashuka, inagonga, inarudi, na sisi tunaitega kwa vidude vya kusikilizia." Nikakuuliza, "Kwa hiyo mnalipwa kuyabishia mawe hodi?" Ukacheka mpaka chai ikakupalia. Sasa Dida anasema sauti ilipotelea humo ndani ya mawe meusi, yakarudi makelele matupu. Picha ya huko chini haikutoka.

Lakini si hilo linaloniua.

Siku lori lilipopinduka nawe, wenzako walikuzika huko huko, mbele ya mji wa Merti, kabla jua halijazama, kama dini inavyotaka. Mimi sikukuona. Dida aliniambia, "Mama, usihofu. Amelala kando ya kigingi cha mia mbili na kumi na saba. Ukifuata mstari wa vigingi vyetu vya kupimia utamfikia." Hiyo namba, mwanangu, nilijifunza kuiandika kabla ya jina langu. Nikawa nangoja tu lori la kunifikisha.

Kisha akina mama wa malishoni wakaanza kuleta kuni sokoni Chechelesi. Kuni nzuri, zimenyooka, kavu, ncha zimepakwa rangi nyekundu. Nikanunua mzigo, nikamwambia jirani, "Leo Mungu amenikumbuka, hazitoi hata moshi." Nilizipikia wiki nzima. Wiki nzima, Hassan! Siku moja nikageuza ukuni mmoja kabla ya kuusukuma motoni, nikaona namba: vilikuwa vigingi vyenu. Haikuwa yako. Yako sijui imepikiwa na nani. Labda ni mimi.

Nilikimbia kambini kwenu, nje ya mji, bila viatu, kabla haijavunjwa. Karani akasema, "Mama, ramani zote zimeshaenda Nairobi." Nikamshika shati. Akanibandua vidole polepole, kimoja kimoja, hata hakukasirika.

Dida akaniombea nafasi kwenye lori la mwisho la kukusanya waya. Nikaona mwenyewe. Kule ardhi ni ngumu, kigingi hakiingii, kwa hiyo kila kimoja mlikisimamisha katika lundo la mawe. Vigingi vimeng'olewa vyote, yamebaki malundo, moja, jingine, jingine, mpaka macho yanachoka. Na wewe pia ulifunikwa kwa mawe. Ngamia wamekanyaga, la mtu na la kigingi yamefanana. Dida alisimama hapa, akasogea pale. "Ni hili... hapana, mama. Hapana." Akakaa chini, akajifunika uso kwa shuka yake.

Nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye jiwe. Lilikuwa la moto. Wenye baruti na mashine hawakusikia kitu, mimi nitasikia nini? Nilikuita hata hivyo. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Ndipo nikaanza kulisalimia kila lundo, salaam aleikum, Hassan, salaam aleikum, moja baada ya jingine, na dereva anapiga honi, mpaka wakanishika mikono na kunipandisha. Mengi sikuyafikia. Pale nilipoishia nimebana kitambaa changu cha kichwa chini ya jiwe.

Mvua ikiisha nitafuatana na wenye ngamia, nianzie hapo. Nimeapa, na miguu hii bado inanibeba.

Kwaheri, mwanangu. Kama uko kati ya hao niliokwisha kuwasalimia, basi pokea salamu yako, na unisamehe kwamba nilipita bila kukujua. Kama uko mbele, ningoje. Naja.

Mama yako