Koi wa babu amefufuka

Bi-lian, shoga, nimejifungia chooni hapa kwenye maonyesho ya koi, wale samaki wa mapambo.

Unamkumbuka yule samaki wa babu, mweupe mwenye doa jekundu kichwani? Yule ambaye kaka yangu Kok-hui aliniambia amekufa siku ya kimbunga? Nililia wiki nzima, nikamchomea hadi ubani.

Yuko hapa, beseni namba tisa. Kibao kinasema amezaliwa Japani, na mwenyewe ni Kok-hui.

Nikamuuliza, huyu si wa babu? Akanijibu mbele ya waamuzi: "Mama, koi wa Kijapani wanafanana. Huyu alikuja kwa ndege."

Mama. Mimi, dada yake wa tumbo moja, ananiita mama kama mpita njia.

Nikainama, nikapiga makofi mawili, nikasema "oide", ile "njoo" ya Kijapani ambayo babu aliwaitia samaki wake chakula kila asubuhi. Samaki akapanda juu moja kwa moja, akanyonya kidole nilichotia majini.

Mwamuzi akamuuliza Kok-hui, "Unamjua huyu mama?"

Akasema, "Simjui."

Shoga, samaki amenikumbuka. Kaka yangu ndiye hanijui.