Vipande Ulivyotunyima

Mwanangu wa kwanza,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima, unakula vizuri na unalala usingizi. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto linanisema kila nikiinuka. Anayeandika haya ni binti wa marehemu mdogo wako. Mimi natamka, yeye anaandika, na nimemkataza kunipambia maneno. Ukifika mahali pakakuuma, usimlaumu mtoto. Ni mdomo wangu huo, unaujua tangu unanyonya.

Unakumbuka mdogo wako alipozidiwa na ugonjwa, alijifungia kwenye studio yetu ya picha akajirekodi, akamwambia bintiye kuna maneno ameyaweka ya kumwachia. Alichorekodi akakifunga kifurushi kimoja kizito. Mtandao wetu unakatika hovyo, ukivuta kitu kikubwa kikakatikia njiani unaanza upya, ndiyo maana akakutumia kwa torenti. Nimeelezwa mpaka nikaelewa: kitu kinakatwa vipande, mwenye navyo anampa asiye navyo, na mkikatika mnaendelea mlipoishia. Akamwambia mtoto kwamba hata hapa pakiharibika, kwa baba yake mkubwa kipo kizima. Na pakaharibika kweli. Wiki ile ile tuliyomzika umeme ulipanda, mashine ya studio ikaungua na kila kilichokuwamo.

Mtoto akabaki na kompyuta yake kuukuu, isiyobeba programu za mapambo. Inafungua dirisha jeusi tu. Anaandika amri mstari mmoja, anabonyeza, kisha anakaa mkono shavuni kama anayengoja maji yachemke. Inamjibu imefika asilimia ngapi, na wanaogawa ni wangapi. Mimi nisiyejua hata kuandika jina langu nikajifunza alama mbili. Kijiti cha moja maana yake umewasha mashine yako. Duara la sifuri maana yake umezima. Kifurushi kikaja haraka kutoka kwako mpaka asilimia tisini na moja, na hakifunguki mpaka kitimie. Halafu duara. Kesho yake duara. Mtoto akawa hali chakula, anakodolea ule weusi tu, mimi nakaa naye, nalitukana duara kama vile linasikia.

Nikakupigia simu nikidhani umeme umekukatikia. Ukaniambia bila hata kukohoa kwamba umezima kwa makusudi, na hutawasha mpaka niweke dole gumba kwenye karatasi ya kukupa studio. Nikakuuliza kama wewe mwenyewe umesikiliza alichosema mdogo wako. Ukanijibu huna muda wa kumsikiliza mtu akikohoa. Mtoto alikuwa ameegemea bega langu, akasikia yote. Hapa ameacha kuandika, nimemwambia aendelee.

Basi nikaweka dole. Studio ile ni yangu, niliijenga kwa kuchoma maandazi mpaka nywele za mikono zikaisha, lakini ukuta ni nini mbele ya mtoto asiyekula? Nikalichovya dole kwenye wino, nikalikandamiza kwenye karatasi yako, nikamtuma jirani akaulizie basi la kuipeleka.

Kabla basi halijapatikana, asubuhi moja mtoto akapiga ukelele. Kijiti! Tisini na mbili. Alasiri duara, asubuhi ya pili kijiti tena. Ikawa hivyo, asubuhi kinasogea, alasiri kinalala. Nikasema moyo umemrudi mwanangu. Nikakuombea dua kwa sauti, nikataja jina lako mpaka jirani akauliza kama umepata kazi kubwa. Karatasi nikataka kukuletea kwa mkono wangu mwenyewe, na nikuombe radhi kwa niliyokuwa nimekuwazia.

Kilipotimia mia, kesho yake jioni mkeo aligonga mlango, ana begi moja na shavu limevimba. Ni yeye aliyekuwa anaiwasha ukienda kazini na kuizima kabla hujarudi. Siku ya mwisho alichelewa kuizima, ukamkuta. Nimeliona shavu, mwanangu. Vidole vyako nimevikata kucha mimi tangu vikiwa kama njugu, sikuhitaji kuuliza ni vya nani. Sasa yuko hapa, anamenya viazi. Hatoki mpaka atake mwenyewe, na wewe usije kumfuata.

Ndiyo, tumekifungua. Tumekaa watatu mbele ya kompyuta. Mdogo wako alianza na bintiye, na aliyomwambia ni yake, hayakuhusu. Kisha akakohoa, tena sana, hapo ulisema kweli, akanywa maji, akakugeukia wewe. Alikuita Bega, kama alivyokuita ulipokuwa unambeba kwenda mtoni. Akasema studio na kamera zote ni zako, na kwamba ameshanibembeleza kimoyomoyo nisikatae. Akasema hana mtu mwingine wa kumwachia mtoto, umlee, na mtoto akuite baba. Akawa anatazama tu mbele, anakungoja kana kwamba utamjibu.

Ulikuwa nacho kifurushi nyumbani kwako, kizima, tangu siku ya kwanza. Kitu ulichokuwa unaninyonga shingo nikupe, ulikuwa umeshapewa. Na mimi ningekubali. Aliyeomba ni maiti wangu, ningemkatalia vipi? Ungefungua tu ukasikiliza.

Karatasi nimeichana, nimewashia jiko. Ufunguo wa studio nimempa mtoto, ameshaufunga shingoni. Alichoomba mdogo wako nimekikataa mimi, na huko niendako nitamjibu mwenyewe. Alipomaliza kusikiliza, mtoto aliniuliza kama sasa anatakiwa akuite baba. Nikamwambia baba yake alikuwa mmoja, na tumeshamzika.

Ule vizuri, uvae sweta, kifua chako ni dhaifu tangu utoto. Mkeo hakusalimu. Mtoto nilimwuliza kama ana salamu, akatikisa kichwa. Kwa hiyo pokea zangu peke yangu, mimi niliyekuzaa na ninayekupenda mpaka sasa hivi, na mlango sikufungulii.

Ni mimi mama yako. Dole hili hapa chini ni langu.